"Huyu Si Mgonjwa Wangu": Daktari wa Mtaani na Mraibu wa Heroini nchini Uingereza, 1926 hadi 1988

Mjomba wangu alikuwa utingo wa malori yanayosafiri kati ya Mombasa na Kampala. Karibu na kwetu palikuwa na daktari mwenye zahanati ya vyumba viwili, na kwa miaka mingi daktari huyo ndiye aliyemtibu mjomba kila aliporudi safari: malaria, shinikizo la damu, kidole kilichobanwa na mlango wa kontena. Mke wa mjomba alipofariki, mjomba akawa hali wala halali, daktari yuleyule alimpa vidonge vya usingizi, akamwongezea tena na tena bila kuuliza maswali mengi. Kisha ikaja siku ambayo mama yangu alimpeleka mjomba pale akiwa anatetemeka, jasho linamtiririka na tumbo linamsokota. Mama akaeleza ukweli: kaka yangu anavuta heroini, alianzia Mombasa, sasa hana pesa na mwili unamdai. Daktari alifunika daftari lake. "Mama, huyu si mgonjwa wangu," alisema. "Mpelekeni kwa wanaohusika na mambo hayo."

Hakusema kwa ukali, na siandiki hapa ili nimshtaki. Nilikuwa kidato cha tatu, nimesimama mlangoni na mkoba wa mama mkononi, na jambo lililonishangaza ni kwamba mtu alikuwa yuleyule na mwili ni uleule. Alipotumia vidonge vya usingizi kila usiku alikuwa mgonjwa. Alipotumia heroini hakuwa mgonjwa tena, au alikuwa mgonjwa wa mtu mwingine ambaye hatukumjua. Insha hii ni jaribio langu la kulichunguza jambo hilo kwa njia ya historia. Ni lini mraibu aliacha kuwa mgonjwa wa daktari wa karibu, na ni nani aliyeamua hivyo?

Nimechagua Uingereza kwa sababu mbili. Huko swali hili lilijadiliwa wazi na kamati za serikali, zikaandika ripoti ambazo mtu anaweza kuzisoma na kuona hoja zilivyobadilika. Pia sheria zetu za dawa na hospitali zetu za magonjwa ya akili zilianzishwa na Waingereza walipotutawala, kwa hiyo walichoamua kwao kinatuhusu, na hata kile walichokataa kutuletea kinatuhusu.

Kwanza nieleze daktari wa familia ni nani. Nchini Uingereza, tangu huduma ya afya ya taifa ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, kila mtu huandikishwa kwa daktari aliye karibu na anapoishi. Huyo ndiye mlango wa kwanza. Anatunza faili la mgonjwa kwa miaka, anawajua watoto na wazazi, na ndiye anayeamua nani apelekwe kwa bingwa hospitalini. Hata kabla ya 1948 madaktari wa aina hii walikuwepo, ila wengi wa wagonjwa walilipa wenyewe. Kwetu cheo hicho hakijazoeleka. Kwa watu wengi daktari wa familia ni yeyote mwenye zahanati jirani ambaye anakujua kwa jina. Nitamwita daktari wa mtaani, maana ndivyo tunavyomfahamu.

Katika karne ya 19 kasumba ilikuwa bidhaa ya kawaida Uingereza. Iliuzwa hata katika maduka ya vyakula hadi sheria ya mwaka 1868 ilipoanza kuiweka chini ya wafamasia. Udhibiti mkali ulikuja na Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada yake sheria ya dawa hatari ya mwaka 1920. Sheria hiyo ilimruhusu daktari kutoa mofini na heroini kwa ajili ya matibabu, lakini haikueleza matibabu ni nini. Je, kumpa mraibu mofini kila siku, si kwa kuwa ana maumivu bali kwa kuwa hawezi kuishi bila hiyo, ni matibabu? Maofisa wa Wizara ya Mambo ya Ndani, wakiongozwa na Malcolm Delevingne, waliona si matibabu, na walitaka madaktari waseme hivyo pia.

Wakati huohuo upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, Marekani ilikuwa imekwisha kuamua. Sheria ya Harrison ya mwaka 1914 ilipofikishwa katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, majaji waliamua mwaka 1919 kwamba daktari anayemwandikia mraibu dawa ili tu aendelee kuwa mraibu hafanyi kazi ya udaktari. Madaktari wengi walishtakiwa, wengine wakafungwa. Waliobaki walijifunza somo upesi: mraibu akiingia, mwonyeshe mlango.

Uingereza ingeweza kufuata njia hiyo. Badala yake, mwaka 1924 iliundwa kamati chini ya Sir Humphry Rolleston, aliyekuwa rais wa Chuo cha Kifalme cha Matabibu. Wajumbe wake wote walikuwa madaktari, na nadhani hilo ndilo lililoamua mambo kabla hata kikao cha kwanza hakijakaa. Ripoti yao ya mwaka 1926 ilisema uraibu ni ugonjwa, si tabia mbaya tu. Ilitaja watu wa aina mbili ambao daktari angeweza kuwapa mofini au heroini kihalali. Wa kwanza ni wale wanaopunguziwa dozi polepole ili waache. Wa pili ni wale ambao wamejaribiwa kila njia ikashindikana, lakini wakipata kiasi kidogo kisichobadilika wanaweza kufanya kazi na kuishi maisha ya kawaida. Kamati ilimshauri daktari atafute maoni ya daktari mwenzake kabla ya kuamua. Zaidi ya hapo, kazi ilikuwa yake.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi. Niliona nimempata mtu wa kumjibu daktari wa mtaani kwetu: tazama, mwaka 1926 wenzako walisema huyu ni mgonjwa wako! Mhadhiri wangu aliyesoma rasimu aliniuliza swali moja tu: hao waraibu wa 1926 walikuwa akina nani? Nikarudi kusoma.

Walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa watu wa heshima. Kulikuwa na wanawake wa tabaka la kati waliopewa mofini kwa maumivu wakashindwa kuiacha, na wanajeshi wa zamani. Kulikuwa pia na madaktari na wauguzi wenyewe, kwa sababu wao ndio walioishika dawa kila siku. Mwaka 1936 wizara ilikuwa na majina 616 tu ya waraibu kwa nchi nzima. Daktari aliyemwandikia mofini mke wa mwalimu au daktari mwenzake hakuona hatari yoyote, maana alikuwa anamtibu mtu aliyefanana naye. Siidharau kamati ya Rolleston kwa hilo. Lakini ukarimu wake haukuwahi kujaribiwa, kwa kuwa aliyekuwa akigonga mlango alikuwa amevaa koti zuri.

Ulijaribiwa miaka ya 1960. Mwaka 1959 waraibu wote waliojulikana walikuwa 454, na wa heroini kati yao 68. Kufikia 1964 jumla ilikuwa 753, na wa heroini walikuwa wamefika 342. Ukilinganisha na idadi ya watu wa Uingereza, hizi ni namba ndogo mno. Shule moja ya sekondari kwetu ina wanafunzi wengi kuliko hao. Kilichoishtua nchi ni sura zao. Hawakuwa tena wagonjwa wa maumivu waliozeeka na mofini yao. Walikuwa vijana wa London waliojifunza heroini kwa rafiki, na hakuna aliyeweza kusema kwamba daktari ndiye aliyewaanzisha. Usiku wa manane walisimama foleni kwenye duka la dawa la Piccadilly lililokuwa wazi saa zote, wakisubiri tarehe ibadilike ili vyeti vyao vya siku mpya vikubaliwe. Watu waliotoka kwenye kumbi za maonyesho waliwaona, na magazeti nayo yakawaona.

Kamati nyingine ilikwisha kuundwa chini ya Sir Russell Brain, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu. Ripoti yake ya kwanza ya mwaka 1961 ilisema hakuna jipya. Miaka mitatu baadaye iliitwa tena, na ripoti yake ya pili ya mwaka 1965 ilikuwa tofauti kabisa. Heroini ya mitaani, ilisema, haikuwa inaingizwa na magendo. Ilitoka kwenye kalamu za madaktari wasiozidi sita. Mwaka 1962 daktari mmoja peke yake aliwaandikia waraibu karibu vidonge 600,000 vya heroini, yaani kilo 6. Daktari huyohuyo aliwahi kumwandikia mgonjwa mmoja vidonge 900, na siku tatu baadaye akamwandikia vingine 600 ili kufidia vilivyodaiwa kupotea katika ajali. Daktari mwingine wa miaka hiyo, baada ya mambo yake kuharibika, alikuwa akiwaandikia wateja wake vyeti hotelini na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi.

Hapa sina budi kuwatendea haki walioogopa. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Mgonjwa wa heroini ana sababu ya kudanganya dozi yake, na ziada anaiuza. Daktari akiwa peke yake chumbani, bila mwenzake wa kumshauri na bila kipimo cha kuthibitisha anachoambiwa, anaweza kudanganywa leo na kununuliwa kesho. Wengine kati ya wale sita huenda walikuwa na huruma kuliko akili, na wengine walipenda ada. Mgonjwa hakujua tofauti, na soko la mtaani halikuijali.

Jibu la serikali ndilo ninalolitilia shaka. Sheria ya mwaka 1967, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1968, iliamua kwamba daktari asiye na leseni maalumu ya Wizara ya Mambo ya Ndani hawezi kumwandikia mraibu heroini wala kokeini kwa ajili ya uraibu wake. Leseni zilitolewa kwa madaktari wa kliniki mpya maalumu, karibu wote mabingwa wa magonjwa ya akili wa hospitalini. Daktari wa mtaani aliruhusiwa kuendelea kutoa heroini kwa mwenye saratani au aliyevunjika mguu. Wagonjwa wa madaktari sita wakawa sababu ya kuwafungia kalamu maelfu ya madaktari ambao hawakuwahi kumwona hata mraibu mmoja.

Kuna jambo dogo katika sheria hiyo ambalo nusura lipite bila mimi kuliona. Haikugusa methadoni. Baada ya 1968 daktari yeyote wa mtaani aliweza kumwandikia mraibu methadoni kihalali kabisa. Wengi hawakufanya hivyo. Walikuwa wameambiwa, na wakajiambia wenyewe, kwamba watu hao wana mahali pao sasa. Kwa hiyo sheria ilifunga nusu ya mlango tu, na nusu ya pili ilifungwa na mazoea. Hii nusu ya pili ndiyo niliyoisikia mlangoni kwa daktari wetu. Hakutaja sheria yoyote. Alisema "wanaohusika".

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo madaktari wa mtaani wa Uingereza walikuwa wakikubali kwa fahari kwamba magonjwa ya akili ni kazi yao. Kuanzia mwaka 1950 hivi Michael Balint, Myahudi mzaliwa wa Hungaria aliyekimbilia Uingereza, aliwakusanya madaktari wa mitaani wa London katika kliniki ya Tavistock wajadili wagonjwa wao wagumu. Hao walikuwa watu wenye huzuni, wasiwasi, na maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 alishikilia kwamba daktari mwenyewe ni dawa, na kwamba dawa hiyo ina dozi yake na madhara yake kama nyingine yoyote. Mwaka 1966 Michael Shepherd na wenzake walichapisha uchunguzi wa madaktari wa mitaani wa London. Waligundua kwamba kwa mwaka mmoja watu wapatao 14 katika kila 100 walikwenda kwa daktari wao kwa tatizo ambalo kiini chake kilikuwa akili, na kwamba wachache sana kati yao walipelekwa kwa bingwa. Waliobaki walitunzwa na daktari aliye karibu. Shepherd hakuona hilo kuwa aibu. Hoja yake ilikuwa kwamba njia ya kuboresha huduma ya akili ni kumpa nguvu daktari wa mtaani, si kuongeza mabingwa tu.

Yaweke mambo hayo mawili pamoja. Mwaka 1966 mtaalamu anasema: mwenye huzuni na wasiwasi ni wa daktari wa familia. Mwaka 1967 Bunge linasema: mraibu si wake. Kana kwamba ni watu wawili tofauti! Mtu yeyote aliyeishi na mraibu nyumbani anajua kwamba huzuni na heroini hulala kitanda kimoja. Mjomba hakuacha kuomboleza mkewe siku alipoanza kuvuta unga. Alibadilisha tu kitu cha kuombolezea.

Na si hivyo tu. Madaktari haohao walikuwa wakizalisha uraibu wa aina nyingine bila kuuita hivyo. Valium iliingia sokoni mwaka 1963, na kwa miaka zaidi ya ishirini vidonge vya jamii hiyo viliandikwa kwa mamilioni, hasa kwa wanawake, kwa kila wasiwasi na kila usiku usio na usingizi. Ni mwaka 1988 tu ambapo kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaambia madaktari wasivitoe zaidi ya wiki mbili hadi nne. Aliyeshindwa kuacha Valium aliitwa mgonjwa anayehitaji subira. Aliyeshindwa kuacha heroini alipewa anwani ya kliniki. Naona jibu la swali langu liko hapa zaidi kuliko katika sheria yoyote: daktari alimtambua kama mgonjwa wake yule aliyepata dawa kwake.

Kliniki za 1968 zilianza kwa kutoa heroini, kisha katika miaka ya 1970 zikahamia kwenye methadoni ya kunywa, zikawa kali, na foleni zikawa ndefu. Sehemu nyingi nje ya London hazikuwa na kliniki ya kueleweka. Ndipo baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979 na vita vya Afghanistan, heroini ya kahawia ikaanza kumiminika Ulaya. Haikutoka tena kwenye kalamu ya daktari yeyote. Ilifika katika miji iliyokuwa imepoteza viwanda na ajira, na ya mwisho ninayotaka kuitaja ni Edinburgh, kwa sababu huko ndiko daktari wa mtaani alirudi kazini, tena kwa kulazimishwa na kifo.

Muirhouse ni mtaa wa nyumba za halmashauri kaskazini mwa jiji hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 polisi waliamua kupambana na heroini kwa kunyang'anya sindano, na mahali ambapo vijana walikuwa wakinunua sindano safi palizibwa. Sindano moja ikazunguka mikononi mwa watu wengi. Roy Robertson, daktari wa familia wa mtaa huo, alikuwa na vijana hao kwenye daftari lake kwa sababu rahisi kwamba walikuwa wakazi wa pale. Aliwatibu majipu na homa ya manjano ya ini, na damu yao ilikuwa imehifadhiwa. Kipimo cha virusi vya Ukimwi kilipopatikana, sampuli hizo zilipimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986: katika watumiaji wa heroini 164, asilimia 51 walikuwa na virusi. Glasgow, mji ulio umbali wa saa moja tu kwa treni na wenye heroini nyingi vilevile, ilikuwa na kiwango cha chini sana.

Nimeisoma namba hiyo mara nyingi. Ni nusu ya watumiaji wa heroini waliopimwa katika zahanati moja. Na iligunduliwa pale, si kwingineko, kwa kuwa kulikuwa na daktari mmoja ambaye hakuwa amesema "si mgonjwa wangu". Kliniki maalumu isingeweza kuwa na damu ya watu ambao haikuwahi kuwapokea.

Baada ya hapo mambo yaligeuka haraka kuliko yalivyogeuka katika miaka arobaini iliyotangulia. Mwaka 1988 baraza la kuishauri serikali kuhusu dawa za kulevya lilitamka kwamba virusi vya Ukimwi ni tishio kubwa kwa afya ya watu kuliko dawa za kulevya zenyewe, likataka madaktari wa familia warudi kuwahudumia waraibu. Mwaka huohuo Edinburgh ilianzisha huduma ambayo daktari bingwa wa akili na timu yake walimpima mgonjwa na kupanga dozi, kisha daktari wa mtaani akaendelea kumwandikia methadoni na kumtunza. Akikwama, anapiga simu. Hili ndilo lililokosekana mwaka 1926, ambapo daktari aliachiwa hiari bila msaada, na mwaka 1968, ambapo alinyang'anywa kazi badala ya kusaidiwa.

Wafaransa walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1996 daktari yeyote wa familia nchini Ufaransa aliweza kuandika buprenofini bila leseni wala mafunzo maalumu, na karibu mmoja kati ya madaktari watano aliiandika. Katika miaka minne, kati ya 1995 na 1999, vifo vya kuzidisha dozi vilipungua kwa karibu asilimia 80. Baadhi ya vidonge viliuzwa mitaani na wengine walivisaga wakajidunga. Wapinzani walisema kweli kuhusu hilo. Lakini walio hai walikuwa wengi zaidi.

Nirudi kwetu. Waingereza walipotawala Afrika Mashariki hawakuleta daktari wa familia. Walileta hospitali ya wagonjwa wa akili yenye ukuta: Mathari huko Nairobi mwaka 1910, na Butabika hapa Kampala mwaka 1955. Aliyechanganyikiwa alitolewa mtaani akapelekwa mahali pake, mbali na waganga wa kawaida na mbali na jamaa zake. Kwa hiyo heroini ilipoenea pwani yetu kuanzia miaka ya 1980, na baadaye ikapanda na barabara hadi bara, hatukuwa na desturi ya daktari wa karibu wa kuipoteza. Tulikuwa na desturi ya ukuta. Hata matibabu mazuri yaliyokuja baadaye yalifuata ramani hiyohiyo. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikafuata, na Uganda ikaanza Butabika mwaka 2020. Mgonjwa anakwenda kila siku, anakunywa dawa mbele ya muuguzi, anarudi. Ni huduma inayookoa watu, na mimi ni shahidi. Lakini kwa daktari wa mtaani bado haimhusu.

Mjomba aliandikishwa, na sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi dozi yake. Amenenepa. Anauza vipuri vya pikipiki na ameanza kumtania mama kama zamani. Mwaka jana aliugua malaria, akaenda kwenye zahanati ileile ya vyumba viwili. Daktari alimpokea vizuri, akafungua daftari, akampima, akamwandikia dawa. Hakuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, na mjomba, kwa aibu ya siku ile, hakusema. Nilikuwa nimeshaanza kuandika insha hii, kwa hiyo nilijua kwamba methadoni ikikutana na baadhi ya dawa za malaria inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Nilichukua kile cheti mkononi mwake, nikarudi nacho hadi mlangoni pale, nikamwambia daktari kuna jambo moja ambalo hajaliandika kwenye daftari lake.